Chunjua za Ukoo

Msusi alijifungua binti asubuhi, na kufika jioni ndugu wa mumewe walikuwa wameshamhesabu mtoto vidole. Mkono wa kushoto ulikuwa na sita. Hicho cha ziada kilikaa pembeni ya kidole cha mwisho, kidogo kama punje ya hindi, lakini kina kucha yake na kifupa chake, na haya hakina.

"Kwetu kitu hiki hakipo," alisema mama mkwe.

"Na kwetu hakipo, mama," msusi alijibu.

"Basi kimepita dirishani?" wifi akadakia. Ulimi wa wifi huyo haujawahi kulala njaa.

Msusi hakuwa mtu wa kukosa jibu. Mteja aliyemletea maneno kibarazani alivutwa nywele mpaka akanyooka. Lakini siku hiyo alitaka kumsikia mtu mmoja tu, mumewe, fundi baiskeli, naye alikuwa anaangalia sakafu kama aliyeangusha nati.

"Niambie ukweli," hatimaye alisema. "Huyu ni wangu?"

Neno likishatoka halirudi. Tangu hapo alilala amempa mkewe mgongo, na nyumbani ikaamuliwa kwamba mzazi akipata nguvu arudi kwao na mzigo wake.

Siku ya kuondoka ikafika. Furushi lilikuwa mlangoni, mama mkwe kitini anahakikisha halibebi sufuria zake. Fundi alirudi kazini na grisi mikononi. Msusi, kwa mazoea tu, akachukua jagi akammiminia maji. Fundi alijisugua kwa sabuni ya unga, akafika pembeni ya kidole cha mwisho, akaguna.

"Chunjua inakuuma tena?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Chunjua ya ukoo. Mama anayo hapa hapa, marehemu mjomba alikuwa nayo hapa hapa."

"Wifi je?"

"Yeye hana. Yeye kapewa mdomo."

Utani huo msusi aliusikia tangu ndoa ikiwa changa, akacheka kila mara. Leo jagi lilimganda mkononi. Chunjua huota popote, shingoni, gotini, hata puani. Chunjua gani inachagua watu watatu wa damu moja, na wote mahali pale pale?

Akamchukua mtoto. "Mama, naomba mkono wako."

Akaulaza mkono wa mtoto juu ya ule wa bibi yake. Kidole kilipochipukia ndipo uvimbe ulipokuwa.

Mama mkwe aliupapasa uvimbe wake. "Nilipomzaa huyu, mama yangu ndiye aliyenizalisha," alisema taratibu. "Aliomba uzi mara mbili. Nikadhani wote ni wa kitovu."

Kisha bibi akapata dawa yake: "Basi lete uzi, tukifunge na hiki kikauke kidondoke, yaishe."

"Hakifungwi!" Msusi aliurudisha mkono wa mtoto kifuani. "Hiki kina mfupa. Kama ni kutolewa, kitatolewa na daktari, mchana kweupe, kila mtu akijua. Mkikificha, kesho naye atazaa, aulizwe kimepita dirisha gani."

Fundi alinyoosha mikono, maji bado yanadondoka. "Nipe mwanangu."

Msusi akampa, maana alikuwa wake. Lakini furushi hakulifungua. Alikaa kando yake, mkono juu ya fundo, akimtazama mwanamume aliyehitaji chunjua ndipo amwamini.