Mayai ya Shangazi

Jirani yangu wa Kibaoni alitengeneza pikapu yake kuukuu mwenyewe, kwa sababu spea zilitoka Mbeya naye hakupenda kusubiri. Kila bolti aliyoifungua aliifuta kwa shati, kisha akaibana mdomoni. Mwaka 1994 tulikuwa tukimpeleka Specioza hospitali Mpanda, uchungu umemshika, rejeta ikaanza kuvuja karibu na Sitalike. Jirani akaiacha ipoe, akamgeukia Maiko, mume wa Specioza, aliyepakata kikapu cha mayai.

“Hayo mayai ya nani?”

“Ya shangazi yangu.”

“Tutamwomba radhi.”

Akapasua manne ndani ya rejeta, akajaza maji, akawasha gari; mayai yakaivia humo yakaziba ufa, uvujaji ukapungua, tukafika. Maiko alipotoka wodini, jirani alishaingia chini ya gari.

“Mtoto amelia?” akauliza.

“Amelia.”

Akailaza spana kifuani, akafumba macho.