Nilivyokataa Kufunga Waya Kwenye Mashine ya Uzi

Swali lililoninyima usingizi mwezi wangu wa kwanza kazini lilikuwa hili: mtu aliyeajiriwa juzi anaweza kumwambia meneja hapana, na kesho bado awe na kazi? Leo nimestaafu. Nafuga ng'ombe wanne hapa Mukurweini, na nina mashine yangu mwenyewe ya kukatia nyasi. Vijana wakiniuliza kazi ilikuwaje zamani, naanzia kwenye swali hilo.

Niliripoti Jumatatu kwenye shamba moja la mifugo karibu na Nyeri, nikiwa na digrii, viatu vipya na barua iliyosema niko kwenye majaribio kwa miezi sita. Nilidhani nitapewa ng'ombe. Meneja, mtu mrefu asiyevua koti lake zito hata jua likiwaka, alinipeleka stoo akanionyesha mashine ya magurudumu mawili.

"Hii ni yako," akasema. "Nyasi ikigusa ile waya ya stima, ua inakufa, na ng'ombe zitatembea mpaka Kerugoya."

Mashine ile haikuwa na kisu. Chini yake kulikuwa na kichwa cha duara kilichozungusha vipande vya uzi mnene wa nailoni, na uzi ndio uliokata. Uliweza kuipitisha ubavuni mwa nguzo, mahali ambapo kisu kingevunjika. Niliitunza kupita kiasi. Oili ya kuchanganya na petroli niliipima mara tatu, kwa sababu injini ya namna ile haina njia nyingine ya kupata oili. Sponji ya kuchuja hewa niliifua kila jioni. Uzi niliuloweka kwenye ndoo tangu jana yake, maana uzi mkavu hukatika ovyo. Wafanyakazi waliniita Digirii. Nyapara wetu, Mzee Gathogo, ambaye alikuwa amefyeka nyua zile kwa mkono tangu enzi za mzungu, aliniuliza kama uzi huo nauloweka pamoja na maharagwe.

Kisha nailoni ikaisha. Tuliagiza Nairobi, haikuja, na Ijumaa wakubwa wa mkoa walikuwa wanatutembelea. Meneja akaamuru nikate vipande vya waya mkuukuu wa ua nivifunge kwenye kichwa cha mashine. Nilijua si sawa, nikafunga. Kosa hilo ni langu, silifichi.

Waya ulikata vizuri mno. Karibu na saa sita nilikuwa pembeni mwa njia ambayo akina mama hupitia wakipeleka maziwa. Waya uligonga nguzo, ukakatika, na kipande chenye urefu wa kidole kikaruka. Mmoja wao, Mama Wambui, alikuwa anapita, mtungi wa plastiki mgongoni, kamba ya kuubebea kwenye paji la uso. Alisimama. Maziwa yalikuwa yanatiririka kwenye sketi yake, na kile kipande cha waya kilikuwa kimeingia mtungini chini kidogo ya bega. Nilizima injini.

"Nilikuwa nataka kugeuka nikusalimie," akasema polepole. "Digirii, ningegeuka ungenitoa jicho."

Nilimweleza meneja nikidhani ataogopa kama mimi. Akasema mama apewe maziwa mengine, mimi nifunge waya mpya, kisha nitie sahihi kwenye daftari kwamba mashine iko sawa. Nikikataa, majaribio yangu yameisha siku hiyo hiyo.

Nilikaa stoo nikifikiri. Mama yangu alikuwa ameshatangazia kanisa zima kwamba nimeandikwa kazi. Nikajiambia labda nguzo ile ndiyo iliyokuwa mbovu. Labda ningewaomba akina mama wapite upande wa pili. Mzee Gathogo alinitazama mpaka akachoka.

"Wewe unawaza kama mtu ananunua shamba," akasema. "Ni waya tu. Ama inaingia, ama haiingii."

Nilikataa, na sikufukuzwa, ingawa kabla mwezi haujaisha nilihamishiwa Kerugoya, kwenye ofisi ya kuhesabia majembe, na kuthibitishwa kwangu kukachelewa kuliko kwa wenzangu wote. Nimefanya kazi chini ya wakuu wengi tangu hapo, wengine wakali kuliko yule. Sijamwomba radhi hata mmoja kwa ajili ya siku ile, na sitaanza uzeeni. Mkubwa akitaka sahihi yako, jua siku mambo yakiharibika ni wewe utakayeitwa, si yeye.

Siku ile, pale stoo, nilikitoa kichwa cha mashine kwa spana, nikachomoa waya. Kwenye daftari nikaandika: "Mashine hii haifungwi waya. Sitaiwasha." Nikatia sahihi kwa majina yangu yote matatu. Nikaingia ofisini kwa meneja bila kubisha hodi, nikaliweka daftari wazi mbele yake, nikatoka na kichwa cha mashine mfukoni.