Siku Niliyokataa Kumshika Mkwe Kiuno

Jamani, hii naisema mwenyewe kabla hamjaoneshwa ile video, maana najua ipo, najua imefika mpaka Lupiro, na najua kuna mtu kaiwekea muziki. Yule mama mnene anayeteremka mlima mweupe huku kitenge kiko kichwani badala ya kiunoni ni mimi, Mama Tumaini wa Kibaoni hapa Ifakara, mimi huyu huyu ninayeitwa kwenye kicheni pati za watu kuwafunda mabinti namna ya kukaa na wakwe. Chekeni kwanza, mkimaliza mnisikilize.

Kila anayesikia nilikwenda Uswisi kwenye theluji ananiuliza kama nilivaa zile mbao ndefu za kuteremkia mlimani. Sikuvaa. Na bora ningevaa, kwa sababu mbao zina mwalimu, unafundishwa hata namna ya kuanguka. Lakini kule milimani watu kibao hawana habari na mbao, wengine wanatembea porini na viatu vipana kama ungo ili wasizame, wengine wanazunguka kwenye barafu na viatu vyenye kisu chini, wengine wanakodi farasi awaburute kwenye kiti huku wamejifunika blanketi (hao ndio wenye akili), na wazee wanasukuma mawe makubwa kwenye barafu mchana kutwa, wanabishana kama watu wa bao. Halafu kuna sleji. Sleji nitaifikia.

Kilichonipeleka huko ni ndoa. Mwanangu Tumaini ni nesi, alikwenda kusoma kule akapata mchumba, Yonas, kijana mpole anayekula ugali wetu mpaka anakomba sufuria. Sisi tulitaka ndoa ifungwe Ifakara, kanisani kwetu, baba wa kijana awepo amesimama mbele ya watu, kwa sababu maneno yalishaanza sokoni kwamba Tumaini anaolewa kimya kimya ughaibuni kama mtoto asiye na kwao. Na maneno hayo yaliniuma, nisiseme uongo. Sasa yule baba, Mzee Alois, akawa amekataa kusafiri, hasemi kwa nini, anasema tu hapana. Baba yake Tumaini ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo aliyepaswa kwenda kuzungumza naye ni shemeji yangu, baba mdogo wa mtoto, lakini yeye hata kupanda ngazi ya kuezekea nyumba anaogopa, akasema ndege apande nani? Nikatumwa mimi. Akanisindikiza mpaka stendi, akaniambia, "Shemeji, mengine yote amua wewe, ila usirudi bila jibu la huyo mzee."

Nikamwambia, "Shemeji, mimi naondoka, wewe anza kutafuta ng'ombe wa sherehe." (Mdomo huu, jamani!)

Mzee Alois ni mrefu, ana masharubu meupe, na hana maneno. Nilimwamkia asubuhi, akaitikia kwa kichwa. Mkewe, Mama Yonas, alikuwa mchangamfu, tunacheka bila hata kuelewana, lakini mzee alikuwa anakula, anafuta masharubu, anatoka. Nikajiambia huyu ni wa kumwendea taratibu, nitampata kwa heshima, heshima ndiyo kazi yangu.

Basi siku moja Yonas akasema twende wote tukaone nyumba yao ya juu mlimani, ile wanayochungia ng'ombe wakati wa joto. Baridi ilikuwa ya kugandisha mate mdomoni. Mama Yonas akaleta suruali zake za ndani za sufu nivae, yeye ni mwembamba mno, suruali ikaishia magotini ikagoma. Akacheka, akaenda chumbani, akarudi na nyingine ndefu, nyekundu, ina kiraka kwenye goti. Ya mumewe. Nikasema haiwezekani, mimi nivae suruali ya ndani ya mkwe wangu? Tumaini akasema, "Mama, vaa au ufe." Nikavaa. Juu yake nikafunga kitenge, juu ya kitenge nikafunga kingine, nikamfanyia Mama Yonas ishara ya kufunga mdomo, mzee asijue kamwe.

Mama Yonas akabaki nyumbani na kazi zake, sisi wanne kupanda tulipanda vizuri na vile viatu vya ungo, wala sikuhema kuwazidi wao. Tukanywa supu, tukaota moto. Balaa likaanza wakati wa kushuka. Mzee Alois akatoa sleji nje, kigari cha mbao kisicho na magurudumu, akakaa mbele, akapigapiga ubao nyuma yake huku ananiangalia, akasema kitu.

Tumaini akatafsiri. "Anasema ukae nyuma yake, umkumbatie kiuno, umshike kwa nguvu."

"Nimkumbatie nani?"

"Yeye, Mama. Ndivyo wanavyoshuka. Anayeweza kuiongoza hii kitu kuliko wote ni yeye."

Wenzangu mnanijua. Mimi ndiye ninayewaambia mabinti mkwe humpishi njia tu, unaweka na umbali, sahani humpi mkononi, unaweka mezani, kiti alichokaa hukikalii kabla hakijapoa. Leo mimi nimkumbatie baba mzima kiuno, nimeweka kifua mgongoni mwake, tunateremka mlima, na suruali yake nimeivaa mimi? Nikamwambia Tumaini, "Mwambie nashukuru sana, nitashuka mwenyewe."

"Mama, hii kitu ina kasi."

"Tumaini, mimi nimevuka mto Kilombero kwa mtumbwi pale Kivukoni, daraja halijawazwa, masika, maji yamefurika, gunia la mpunga mbele na wewe mgongoni. Mwambie."

Akamwambia. Mzee akanitazama, uso ukabadilika, akageuka, akateremka peke yake bila kuangalia nyuma, kwa sababu chini kijijini wenzake walikuwa wanamsubiri kwenye mashindano ya mawe. Niliona amenuna nikadhani ni baridi.

Sleji, kwa msioijua, ni ndugu wa lile gogo lenye panda ambalo Wasukuma wa huku bondeni wanamfungia ng'ombe aburute magunia, ila ya wenzetu haina ng'ombe, ina mlima. Yonas akanitolea nyingine, akanionesha, ukitaka kupunguza mwendo unatoa miguu nje, unakandamiza visigino kwenye theluji, basi. Nikasema nimeelewa. Yeye na Tumaini wangenifuata nyuma na ya kwao.

Mwanzo nilikwenda kama malkia. Nikapungia mkono nyumba za watu. Nikawakuta wazee wawili, mume na mke, wanatembea pembeni na fimbo zao, na mimi sikulelewa kupita wakubwa kimya, nikawaamkia kwa sauti, "Shikamooni!" halafu, kwa ujinga wangu, nikageuza shingo kusubiri marahaba. Niliporudisha macho mbele mlima ulikuwa umeinama, sleji inalia vuuu, miti inapita hata huwezi kuihesabu, na nyuma nasikia mwanangu anapiga yowe, "Mama, miguu nje! Toa miguu nje!"

Hapa watu wa mtoni ndio watakaonielewa. Mtumbwi ukiyumba, mtu akapiga yowe, unafanya nini? Unakunja miguu. Mkono ndani, mguu ndani, kwa sababu cha nje ni cha mamba. Hilo nimefundishwa sijaota hata meno ya ukubwani. Kwa hiyo akili ilikuwa inasikia "toa" lakini miguu yenyewe inakunja, na kadiri Tumaini alivyopiga kelele ndivyo nilivyozidi kukunja, mpaka magoti yakafika kidevuni, nikawa mviringo mzuri usio na breki hata moja.

Upepo ukaingia chini ya vitenge. Cha juu kikang'ang'ania uzio wa mtu, kikabaki huko. Cha pili kikapanda mpaka kichwani, kikanifunika uso wote, nikawa sioni. Nikasikia watu wanapiga kelele kwa lugha yao, nikasikia nimepasua kitu laini, nadhani lundo la theluji, halafu ghafla kukawa kimya, hakuna vuuu, hakuna mtikisiko, nateleza tu polepole kama samaki kwenye sinia. Nikajua nimeingia kwenye barafu. Nikasikia ko! ko! ko! na sleji ikasimama.

Nikafunua kitenge usoni. Nimezungukwa na wazee wameshika mifagio (mchezo wao unachezwa na mifagio, msiniulize), mawe yao yametawanyika kila upande, kijiji kizima kimesimama pembeni, na mbele yangu kabisa ni mkwe wangu Mzee Alois. Hakunitazama usoni. Alikuwa anatazama suruali. Alianzia juu, akashuka taratibu mpaka kwenye goti, akafika kwenye kiraka, hapo macho yakasimama.

Nikasema la kuokoa hali ni adabu, nipige goti nimwombe radhi. Kupiga goti kwenye barafu! Goti moja likaenda Ifakara lingine likaenda Mahenge, nikapepesuka, nikashika kilichokuwa karibu, kwa mikono miwili, kwa nguvu zangu zote. Nilichoshika ni kiuno cha mkwe. Watu wakapiga makofi. Simu zikatoka mifukoni.

Mzee akavua koti lake akanifunga kiunoni, akaokota mfagio wake. Mchezo ikabidi urudiwe kwa sababu mawe hayajulikani yalikuwa wapi. Kabla sijafika timu yake ilikuwa inaongoza. Waliporudia, wakafungwa.

Nyumbani nikajifungia chumbani nikalia. Magoti yalikuwa yanauma lakini siyo hayo. Nilikuwa namwona shemeji pale stendi, nawasikia wale wa sokoni, namwona mtoto wangu anaingia kanisani upande mmoja wa viti uko mtupu, na yote kwa sababu mimi mwalimu wa heshima nimevaa suruali ya mkwe nikamvunjia mashindano. Tumaini akaingia, akakaa kitandani. Akaniambia, "Mama, la mawe ameshasahau. Kinachomuuma ni kule juu. Anadhani ulikataa kumshika kwa sababu unamwonea kinyaa."

"Kinyaa? Mimi?"

Nikatoka vile vile na macho mekundu, nikamkuta mezani na mkewe, Yonas anayeyusha jibini motoni. Nikamwambia Tumaini tafsiri neno kwa neno, usipunguze. Nikasema, "Mkwe, kwetu baba wa mkwe wangu hashikwi. Sikukataa kwa sababu wewe ni mdogo kwangu, nilikataa kwa sababu ni mkubwa mno. Suruali nilivaa kwa baridi, naomba unisamehe. Na mawe pia."

Mzee akafuta masharubu. Akaitazama jibini mpaka ikaanza kuungua. Halafu akaanza kuongea, akaongea kwa muda mrefu, kumbe maneno anayo! Tumaini akaanza kutafsiri.

"Mama, anasema yeye hajawahi kwenda mbali na milima hii. Anasema huko kwetu hajui watu wanaamkianaje, hajui kula kwa mkono, hajui akae wapi, hajui amshike nani asimshike nani. Alikuwa anaogopa atafanya kituko kanisani, watu wamcheke, na Yonas aaibike siku ya harusi yake. Ndiyo maana alikuwa anakataa."

"Mwambie..."

"Subiri, hajamaliza. Anasema leo ameona mtu mzima, mgeni, ameaibika mbele ya kijiji kizima, na jioni amekuja mwenyewe kukaa naye mezani. Anasema kama mama ameweza, na yeye anakuja Ifakara aaibike."

Nililia tena, ila hii ilikuwa nyingine. Mama Yonas akanikumbatia, Yonas akaacha jibini ikaungua kabisa, tukala mkate na chai.

Kwa hiyo nilirudi na jibu, shemeji akanipokea stendi na ng'ombe ameshapatikana. Ila video ilikuwa imenitangulia. Tumaini alimtumia rafiki yake mmoja tu, akamwambia usimwoneshe mtu, na mnajua hiyo maana yake nini hapa Kibaoni. Watoto wananiita Mama Sleji. Kicheni pati ya juzi, nilipofika tu kwenye somo la wakwe, bibi harusi mwenyewe akaangua kicheko, na mimi nikacheka, tukaendelea. Mengine bado nafundisha vile vile, ila nimeongeza moja. Nimeapa mbele ya akina mama wote kwamba nikiambiwa shika, nitashika, awe mkwe, awe askofu, heshima tutaizungumza tukishafika chini.

Mkwe anakuja baada ya mavuno, maji yakiwa yamepungua. Nimeahidi kumpeleka Kivukoni tukapande mtumbwi. Jana Tumaini kapiga simu, anasema mzee halali vizuri, anauliza swali moja tu, kwenye mtumbwi mtu anashika wapi? Nikamwambia mwambie akae nyuma yangu, miguu aiweke ndani, anishike kiuno.