Nani Atakunywa Kwanza

Ukimkaribisha Maman Védastine chai, kikombe kitapoa, nzi atakunywa, nzi atashiba, na Maman Védastine ataaga kwa heshima zote akisema tumbo limejaa. Hapa kwetu Gashonga hilo si ajabu sana. Anayekupa kinywaji sharti aonje kwanza mbele ya macho yako. Tunaita kusogongera, na hata askofu akija anaonjewa. Ila wengi wetu tunaridhika na tone moja. Maman Védastine anataka aone koo likishuka, kisha anangoja. Anangoja nini, hasemi.

Ana miaka hamsini na tisa. Alizaliwa Kongo, karibu na Uvira, wazazi wake wakiwa wakimbizi, akarudi huku na masufuria mawili na Kiswahili ambacho mpaka leo anakitumia kugombana. Kinyarwanda chake amekiweka kwa ajili ya kanisa. Ana shamba la marakuja, yale matunda ya pasheni, kwenye mteremko, nguzo zimenyooka kama askari wa gwaride, na hakuna mwenye matunda mazuri kama yake kijiji kizima. Akikuambia ana magunia matatu, jua ni manne. Kwa hilo la nne hajakuamini bado.

Zamani alikuwa akinywa kama sisi. Kilichombadilisha ni harusi. Jirani yake, Niyonsaba, ambaye ua wa majani tu unawatenganisha, alimwoza kijana wake miaka saba iliyopita. Akina Védastine walialikwa. Niyonsaba akawaletea mtungi wa pombe ya ndizi, akauweka chini mbele ya Hategekimana, mume wa Védastine, na akaenda zake bila kuonja. Hategekimana alikuwa mtu asiyechelewesha mtungi. Alikunywa. Baada ya wiki tatu tumbo likaanza kumsumbua, na baada ya miezi minne tukamzika. Daktari alisema ni ini, na kwa kweli ini lile lilikuwa limefanya kazi miaka thelathini bila likizo. Védastine hakumwambia mtu kitu. Aliacha tu kula na kunywa chochote kilichopita mikononi mwa Niyonsaba. Wanasalimiana, wanaulizana habari za mbuzi, wanaazimana jembe. Lakini kikombe, hapana.

Sasa ongeza ushirika juu ya jambo hilo.

Kabla ya ushirika, wanunuzi walikuwa wakija na pikipiki. Wanabonyeza tunda kwa kidole gumba, wanakunja uso, wanasema ni maji tupu, wanataja bei, na wewe unakubali kwa sababu marakuja hayangoji. Mzee Nsabimana, mwalimu mstaafu ambaye leo ni Prezida wa ushirika, akatukusanya tukamue wenyewe, tuchemshe, tutie kwenye chupa, tuuze kwa bei iliyoandikwa ubaoni. Siku ya mkutano wa kwanza Maman Védastine aliuliza maswali matatu. Nani anashika ufunguo? Nani anasoma mizani? Nani anachemsha? Majibu mawili ya kwanza yalimridhisha. La tatu lilikuwa Niyonsaba.

Akasema, "Sawa. Matunda yangu nitaleta. Juisi mutakunywa ninyi."

Na ndivyo ilivyokuwa kwa miaka miwili. Analeta matunda, anapiga magoti macho yake yawe sawa na mshale wa mizani, anachukua karatasi yake, anaondoka. Mwisho wa mwaka kila mwanachama alipewa chupa sita. Zake alimpa nguruwe. Nguruwe alinenepa, lakini hata hilo lilimtia mashaka.

Msimu uliopita mvua ilituonea huruma kupita kiasi. Marakuja yakazaa mpaka watoto wakaanza kuyachezea mpira. Maduka ya mjini Kamembe yalikuwa tayari na juisi yetu ya kutosha, ghala likajaa kartoni hadi dirishani. Mzee Nsabimana akatutangazia bila kuficha: pasipopatikana mnunuzi mpya, Ijumaa ushirika hautapokea tunda hata moja. Habari hiyo ilifika kwa wenye pikipiki kabla haijatufika sisi. Siku ya pili wakarudi na vidole gumba vyao, bei nusu ya ile ya zamani. Maman Védastine alikuwa na magunia yamejaa kwenye baraza, maganda ya matunda yameanza kukunjamana.

Mnunuzi akapatikana Bukavu, upande wa Kongo: Maman Véronique, mwenye depo pale Nguba, anayepeleka vinywaji kwenye harusi na misiba. Alituma neno kwamba tuje Jumanne na kartoni mbili. Aje mwenye kulima na aje mwenye kupika. Watu wa makaratasi wabaki nyumbani.

Mwenye kulima mzuri kuliko wote alikuwa Védastine. Mwenye kupika alikuwa Niyonsaba. Na mimi nikatumwa kubeba kartoni, na pia kueleza mambo ya joto na vijidudu, kwa kuwa nilisomea usindikaji wa vyakula mwaka mmoja na nusu, mpaka karo ilipoisha kabla ya akili.

Tulivuka daraja la mpakani, Rusizi ya Kwanza, kwa miguu, Védastine kulia, Niyonsaba kushoto, mimi katikati kama mpaka wenyewe. Wabeba mizigo walitupita na magunia yao wakitutania kwamba tunatembea kama watu wanaopeleka maiti.

Maman Véronique alitupokea akiwa ameketi mlangoni mwa depo, miwani kwenye ncha ya pua. Nilianza mahubiri yangu: digrii themanini na tano, dakika ngapi, kifuniko kipya, tarehe imepigwa hapa, angalia etiketi. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Nilipomaliza alichukua chupa, akaielekeza kwenye mwanga, akaigeuza.

"Iko muzuri," alisema. "Sasa nani anakunywa kwanza?"

Hapo ndipo nilipoona ujinga wetu. Miaka miwili tuliulizana kuhusu kifuniko, rangi ya etiketi, ukubwa wa herufi. Hakuna aliyekumbuka kwamba chupa inafika peke yake. Haina mama mwenye nyumba wa kupiga funda la kwanza.

"Mimi hapa," nikasema.

"Wewe uko kijana, unakunywa hata petroli. Nataka huyu." Alimwelekezea Védastine kidole. "Njo yeye mwenye matunda, haiko vile?"

Védastine hakusogea. "Kwetu mupishi njo anaonja, Maman."

"Mupishi anaonja kila siku kwa sufuria," Niyonsaba akajibu, sauti ya chini. "Leo aonje yeye. Miaka saba hajaweka mudomo kwa kitu yangu. Hata maji."

Maman Véronique akavua miwani. Vijana wawili waliokuwa wakipanga kreti za bia wakaacha kupanga.

"Kumbe," alisema. "Munaniletea juisi yenye ninyi wenyewe munaogopa. Nipeleke kwa harusi ya batu, bakufe bote, kisha banitafute mimi." Akairudisha chupa kwenye kartoni, akaanza kuifunga.

"Maman, hii ni mambo ya zamani ya majirani, haihusu..."

"Nyamaza, profesa."

Niliyahesabu magunia ya Védastine kichwani, na nadhani naye alikuwa akiyahesabu, kwa sababu aliinama ghafla, akachomoa chupa ileile kabla kartoni haijafungwa. Lakini hakuitazama chupa. Alimtazama Niyonsaba.

"Siku ya ndoa ya mutoto wako," alisema. "Juu ya nini haukuonja?"

Miaka saba, na swali likatoka Bukavu, mbele ya kreti za bia na mwanamke tusiyemjua. Niyonsaba akagusa mdomo wake wa chini.

"Nilikuwa na kidonda hapa. Mudomo ilikuwa imepasuka, inatoka damu. Niliona haya kuweka damu kwa mutungi ya bageni. Ungeniuliza ile siku, ningekuonyesha."

"Kidonda."

"Kidonda."

"Onyesha."

Niyonsaba akamsogelea, akauvuta mdomo kwa vidole viwili. Védastine akachungulia. Nami nilichungulia, siwezi kudanganya. Palikuwa na alama ndogo nyeupe. Inaweza kuwa ya kidonda, inaweza kuwa ya kujikata na muwa utotoni. Alama haina tarehe.

"Kako kadogo," alisema Védastine.

"Ile siku kalikuwa kakubwa."

Védastine aliitazama alama ile tena. Halafu akafungua chupa kwa meno, ingawa kifungulio kilikuwa pale mezani, na akanywa. Hakuonja, alikunywa, funda kwa funda, macho yakiwa usoni mwa Niyonsaba mpaka chupa ikaisha.

"Leteni kiti," alisema Maman Véronique. "Tunangoja."

Tukangoja. Ilikuwa nusu saa ndefu kuliko muda wangu wote wa chuo. Védastine alikaa mikono magotini, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Vijana wa bia walijifanya wanapanga kreti, lakini kreti ileile ilipangwa mara tano. Katikati ya kungoja alipata kwikwi moja. Sisi sote tukasimama.

"Kaeni," alisema. Akajilamba midomo, akafikiri. "Sukari mingi."

"Ni kipimo yenye Prezida aliandika," Niyonsaba akasema.

"Basi Prezida anapenda sukari."

Maman Véronique akacheka kwa mara ya kwanza. Alichukua kartoni zote mbili na kutuagiza kartoni arobaini kila baada ya wiki mbili, kwa bei yetu ya ubaoni, akaongeza sharti moja. "Huyu anayekunywa aje nazo kila mara. Siku hatakuja, murudi na kartoni zenu."

Ijumaa ushirika ulipokea matunda. Mwenye pikipiki aliyekuja na bei nusu alikuta baraza la Maman Védastine limefagiwa. Nilidhani hadithi imeisha hapo, na kwamba wale wawili sasa watatembeleana na kupeana chai. Nilipomuuliza Védastine kama anaamini habari ya kidonda, alinijibu kwamba sumu nyingine zina subira, na kwamba nimuulize tena Krismasi.

Lakini Jumatatu, siku ya kuchemsha shehena ya kwanza ya Bukavu, zile za ghalani zikibaki za Kamembe, saa moja asubuhi alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha sufuria. Hakuwahi kukanyaga pale tangu ushirika uanze.

Niyonsaba alikuwa amejifunga aproni, mvuke umemzunguka. "Umekuja kufanya nini?"

"Kesho mimi njo nitakunywa. Nataka nione kila kitu, tangu tunda mpaka kifuniko. Kama nitakufa, nijue ilianzia wapi."

Nilitegemea kelele. Niyonsaba akamtupia kofia ya nywele. Védastine akaivaa, akasimama karibu na sufuria, akahesabu vikombe vya sukari kwa sauti, na kikombe cha mwisho akakizuia kwa kiganja. Niyonsaba akakirudisha kikombe kwenye mfuko bila kubisha.

"Sasa kama umesimama pale," alisema, "koroga."

Maman Védastine akakoroga. Mwiko alikuwa amekuja nao kutoka nyumbani, umefungwa ndani ya kitenge.