Kopo la Mchanga kwa Dereva Wanyonyi

Kurasa nne za rangi, na gari la moshi halikutajwa hata mara moja! Mzee Kang'ethe alizipekua zile karatasi za mazishi, akarudia tena. Marehemu Bramwel Wanyonyi, zilisema, "alihudumu katika sekta ya uchukuzi." Sekta! Ungedhani alikuwa makanga wa matatu.

Miaka kumi na minane Wanyonyi aliendesha injini ya mvuke, Kang'ethe akiwa fayamani wake, mtunza moto. Sasa ilikuwa mwaka 2006. Injini zilishakuwa vyuma chakavu, na kwenye reli ya Kitale watu walifunga mbuzi. Kang'ethe alikuwa ametoka Kitale alfajiri, akapitia Kamukuywa hadi hapa Bumula kwa jambo moja tu: rafiki yake azikwe kama mtu wa reli.

Aliomba kuzungumza. Mshereheshaji, kijana wa miwani ya jua, akatazama saa.

"Mzee wa Kitale, dakika mbili tu. Mheshimiwa yuko njiani."

"Kwani Mheshimiwa alimjua marehemu?"

"Sasa imebaki moja na nusu, mzee."

Kang'ethe akaanza kueleza jinsi injini yao ilivyopanda mlima wa Timboroa. Kabla hajafika kileleni, kipaza sauti kilikuwa kimechukuliwa, na kwaya ilikuwa ikiimba.

Basi akangojea kaburini. Watu walipoanza kutupia udongo, akafungua mkebe wa majani chai, akachota kwa kopo lake la zamani lenye mpini.

"Huyu mzee anamwaga nini?" mtu akapiga kelele.

"Mchanga wa stesheni ya Kitale."

"Ati mchanga wa Kitale? Si huo ni uchawi, bana!"

Wanaume wawili wakamshika mkono. Kang'ethe akaishiwa na subira.

"Uchawi! Mmesoma mpaka chuo na hamjui kitu! Mafuta yakiwaka, masizi huziba mabomba, injini inakata pumzi mlimani. Dereva anaita, fayamani anatupa kopo la mchanga motoni. Mchanga unakwangua masizi, moshi mweusi unatoka, injini inapanda. Nani atamtupia huyu? Mheshimiwa?"

Hapo Peris, mjane, akasogea na fimbo yake.

"Mwachilieni shemeji yangu. Mchanga huo nimeufua kwenye kola miaka yote. Hata usingizini mzee wangu alikuwa akiuitisha, ananiamsha." Akavuta pumzi, akaita kwa sauti kavu ya amri: "Mchanga, Kang'ethe!"

Mikono ikamwachilia. Kang'ethe akainama, akatupa mkono ukitokea chini, mbali, hadi pembe ya nyuma ya kaburi, kama alivyofundishwa kutupa motoni. Mchanga ukatawanyika juu ya jeneza. Kisha, bila kutaka, akainua macho kutafuta moshi.

Aliona hema tu, limeandikwa jina la Mheshimiwa, ambaye bado alikuwa njiani.