Kidole cha Moyo

Fundi cherehani aliweka redio juu ya kabati la vitambaa, na kila sauti ya mdogo wake ilipoanza kutangaza, cherehani ilinyamaza. Wateja walishazoea.

Hao wawili ni watoto wa mwalimu aliyefundisha Kiingereza na Kihispania mpaka miguu ikamkatalia. Dada mtu ndiye aliyemuuguza. Alimlisha, alimgeuza, alimwosha. Mdogo mtu alikuwa na kazi, na kazi zake zilizidi kila mzee alipozidiwa. Jioni, uji ukipoa, mzee alimpa muuguzi wake neno moja linaloandikwa sawasawa katika lugha zote mbili.

La mwisho lilikuwa “cordial”. “Mkunjufu,” mzee alieleza. “Mtu anayekupokea kwa moyo. Limetoka kwenye Kilatini, ‘cor’, yaani moyo. Zamani hata kinywaji cha kuupa moyo nguvu kiliitwa hivyo. Na Wahispania, mwanangu, hiki hapa wanakiita kidole cha moyo.” Akamshika kidole cha kati, chenye subana ya kukinga sindano, asikiachie mpaka usingizi ukamchukua. Asubuhi hakuamka.

Fundi alimsimulia hayo mdogo wake tu, siku ya mazishi, wakiwa wamekumbatiana.

Leo redio ikasema: “Wasikilizaji, jioni ile ya mwisho baba alinishika kidole hiki.” Na kilio juu yake. Hakuacha kitu, hata subana alijivika. Eti alikuwa akimshonea baba shati. Huyo huyo ambaye kifungo kikikatika humletea dada yake!

Fundi alisalitiwa, hakuna jina jingine la jambo hilo. Akapiga simu.

“Dada, umesikia? Watu wamelia.”

“Ungesema ni mimi.”

“Kipindi ni changu, dada. Halafu baba ni wetu sote, usiwe na choyo.” Simu ikakatwa.

Mara mteja akaingia kuchukua gauni, macho mekundu. “Nimemsikia mdogo wako. Kumbe yeye ndiye aliyemuuguza mzee? Na wewe siku zile ulikuwa wapi?”

“Nilikuwa naye,” fundi akasema. “Kidole chenyewe ni hiki.”

Mteja akamtazama kwa huruma, namna ya mtu aliyesikia uongo mdogo akaamua kuuacha upite, kisha akauliza kama gauni limeshapigwa pasi.