Mteja Aliyeondoka na Minyoo Yangu

Hili lilinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Songea, na anayebisha aje saluni kwangu Ruhuwiko amuulize Zaituni, msaidizi wangu. Tulikuwa naye.

Pale saluni nina tangi la samaki wa maji ya chumvi, mume wangu aliniletea kutoka Dar. Sasa mawe ya baharini yaliyowekwa ndani yake yalikuja na minyoo, mirefu, myekundu, ina vinyweleo vinavyochoma kama upupu. Mchana inajificha, giza likiingia inatoka. Niliitega kwa dagaa kwenye chupa, wapi. Niliivuta kwa kibanio, ikakatika, kila kipande kikawa mnyoo. Na samaki wangu wa rangi ya chungwa alikuwa ametaga, mayai yanaliwa naona. Niliumia, niamini.

Jioni moja umeme umekatika, mvua inanyesha, akaingia mama mtu mzima. Nguo zake kavu kabisa, ila nywele zinachuruzika maji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nisuke mwanangu, nina safari."

Zaituni akanimulikia kwa simu. Nywele zilinukia bahari. Bahari na Songea, wapi na wapi?

Nimefika utosini, nasikia nywele zinatembea vidoleni. Zaituni akageuza mwanga kwenye tangi, akasema polepole, "Dada, minyoo haipo."

Nikatazama nilichoshika. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ilikuwa minyoo yangu, imejaa vidoleni. Lakini haikuchoma. Ilikuwa inang'aa, inajipanga yenyewe kwenye mistari.

"Subhanallah," Zaituni akanong'ona.

"Usiniache nusu kichwa," mama akasema, anacheka. "Hawa ni wangu. Nimewatafuta mpaka nimechoka."

Kicheko chake kilikuwa cha kuambukiza. Tukajikuta tunacheka wote watatu, na mimi nasuka minyoo.

Nilipomaliza akajitazama kwenye kioo, akaridhika, akatoka. Zaituni akamfuata na mwavuli. Barabara ilikuwa tupu.

Mayai yaliyobaki yalianguliwa, na leo tangi limejaa vitoto. Mikono yangu nayo si ile ya zamani: ninachosuka hakifumuki mpaka mwenyewe apende. Maharusi wananifuata kutoka Peramiho, wengine Hanga.

Kwa hiyo wewe msusi, siku kichwa cha mteja kikikusogea vidoleni, usikimbie, na mkasi usiuguse. Suka umalize.